Mafuta Ndani ya Giaboksi

Kutoka Kyumvi, kwenye njia panda ya Barabara ya Mombasa, hadi Machakos mjini, chini ya vilima vya Iveti, matatu na malori hupita kutwa yakibadilisha gia. Kinachozuia chuma kisisagane na chuma ni mafuta yaliyomo ndani ya giaboksi yenyewe.

Giaboksi nyingi za kawaida hazina pampu. Mafuta hutulia chini, na gia za shafti ya chini huzunguka zikiwa zimezama humo. Meno yake huyachota na kuyarusha juu. Mengine hutiririka kwenye vijia vya ndani hadi kwenye beringi.

Hatari huja gari linapovutwa. Injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, magurudumu ya nyuma huzungusha shafti ya juu, ilhali ile ya chini imesimama. Mafuta hayarushwi. Ndiyo maana mafundi hufungua propela, shafti inayounganisha giaboksi na magurudumu ya nyuma, kabla ya kuvuta lori mwendo mrefu.

Bolti ya kumwagia mafuta aghalabu huwa na sumaku. Ichunguze: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vyenye ncha, huenda jino limevunjika; mwite fundi mapema.