Historia: Ushahidi, plagini na habari ya barabara iliyochelewa

Leo ninaleta historia. Naanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niitafute.

Msimu wa mvua uliopita tulitangaza kwamba njia moja ya kuelekea upande wa Malemba-Nkulu imefunguka. Kesho yake asubuhi habari ikabadilika: njia haikuwa salama. Tukasahihisha redioni, tukasahihisha na kwenye tovuti. Siku ya tatu akaja baba mmoja, mhamiaji anayeishi kwa jamaa karibu na gare. Baiskeli yake ilikuwa imekwisha kufungwa mizigo: sufuria, godoro, mfuko wa mbegu za mahindi. Akatuonyesha simu ya kijana wake. Ukurasa ulikuwa bado unasema njia imefunguka. Alikuwa amepita kwetu kuuliza tu kabla ya kuondoka na watoto.

Tulifungua kompyuta yetu mbele yake. Kwetu ukurasa ulikuwa sahihi. Kwenye simu yake ulikuwa wa zamani. Tovuti ni ileile, saa ni ileile, lakini habari ni mbili.

Chanzo kilikuwa plagini. Kwa asiyejua, plagini ni kipande kidogo cha programu kinachochomekwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi. Tulikuwa tumeweka moja ya kufanya kurasa zifunguke upesi, maana mtandao wa Kamina ni wa polepole na franka za simu zinaisha haraka. Plagini ya namna hiyo hutunza nakala ya ukurasa na kumpa msomaji nakala hiyo, badala ya kuutengeneza upya kila mara. Kazi nzuri. Lakini yetu ilikuwa imepangwa kutunza nakala siku saba. Tena, wahariri walioingia kwa neno la siri hawapewi nakala, wanaonyeshwa ukurasa wenyewe. Ndiyo sababu sisi hatukuona kosa. Tulilipata kwa njia ya kawaida: kuzima plagini zote, kuhakikisha kosa limetoweka, kisha kuwasha moja moja, na kila mara kufungua ukurasa kwa simu ya yule kijana, si kwa kompyuta yetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: wale waliotangulia kutengeneza vifaa vya habari kwa watu wanaokimbia, walijuaje makosa yao? Jibu linatoka Kenya, na sehemu yake ilipita hapa kwetu Kongo.

Nairobi, Januari 2008

Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa Kenya, na vurugu zikaanza siku hiyohiyo. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na watu wanaokaribia 600,000 walikimbia makwao. Aliyekuwa Kisumu hakujua ya Eldoret, na aliyekuwa Nairobi hakujua kama ndugu zake wa Naivasha wako hai.

Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya, alikuwa akipokea habari za watu na kuziandika mtandaoni usiku na mchana. Tarehe 3 Januari 2008, akiwa ameshaondoka Kenya kwa ajili ya usalama wake, aliomba mafundi wa kompyuta wamsaidie kutengeneza ramani ya mahali ambapo mambo yanatokea. Waliojibu walikuwa wametawanyika. Erik Hersman na David Kobia walikuwa Marekani. Juliana Rotich na Daudi Were walikuwa miongoni mwa walioungana nao. Kwa siku chache wakaweka tovuti hewani, wakaiita Ushahidi. Mtu aliweza kuandika kilichotokea na mahali kilipotokea, na baadaye hata kutuma mesaji ya simu. Nukta ikatokea kwenye ramani.

Ilifanywa kwa haraka, na kwa haraka ikaonyesha upungufu. Nani atahakikisha kwamba kilichoandikwa ni kweli? Wakati wa vurugu, uongo mmoja unaweza kuamsha mtaa mzima. Wakaanza kuwasiliana na mashirika na watu walioko mahali penyewe, na kila taarifa ikapewa alama: imethibitishwa, au bado. Alama hiyo ndogo, kwa maoni yangu, ni kazi kubwa kuliko ramani.

Ramani inafika Kongo

Mwaka huo wa 2008 vita ilipamba moto Kivu ya Kaskazini. Mwisho wa Oktoba jeshi la CNDP la Laurent Nkunda lilichukua Rutshuru na kukaribia Goma. Tarehe 4 na 5 Novemba watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja, ingawa askari wa MONUC walikuwa na kambi karibu. Mwezi huohuo Ushahidi, ikiwa imeandikwa upya ili itumike inchi yoyote, ikafungua ramani ya Kongo. Ilikuwa moja ya mara za kwanza kujaribiwa nje ya Kenya.

Taarifa zilizofika zilikuwa chache. Si ajabu. Mwaka 2008, watu waliotumia intaneti katika inchi yetu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni hana nafasi ya kutafuta namba ya kutuma mesaji, na hata akituma, atauliza: nani anaisoma? Atanijibu nini? Kenya ramani ilizaliwa na watu waliokuwa wakifuatwa na wasomaji wao kwa miaka. Kongo ilikuja kama chombo tu, bila ule uzoefu wa kila siku kati ya anayetuma na anayepokea.

Sisi wa upande huu wa Katanga tunalielewa jambo hilo. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakati watu walipokimbia kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, sehemu iliyoitwa pembetatu ya kifo, habari ilikwenda kwa mdomo, kwa baiskeli na kwa treni. Iliaminiwa kwa sababu uliijua sura ya aliyeileta. Ungeweza kumuuliza: wewe mwenyewe umeona, au umesikia?

Haiti na mzigo wa mesaji

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliharibu Port-au-Prince. Wanafunzi wa Fletcher School, Marekani, wakiongozwa na Patrick Meier, walifungua ramani ya Ushahidi ya Haiti, na pamoja na mashirika mengine ikapatikana namba fupi ya mesaji, 4636. Safari hii mesaji zilikuja kwa maelfu. Tatizo likageuka: nyingi ziliandikwa kwa Krioli, na waokoaji hawakuisoma lugha hiyo. Wahaiti walioko ng'ambo wakajitolea kutafsiri, na waliozijua mitaa wakasaidia kusema ni barabara ipi.

Tazama tofauti. Kivu kilichopungua ni mesaji; Haiti kilichopungua ni watu wa kuzisoma. Mara zote mbili dawa ilihitaji mtu, na programu ikafuata nyuma yake.

Plagini: faida na gharama

Kadiri inchi nyingi zilivyoitumia, kila moja ilitaka kitu chake. Mwishoni mwa 2010 Ushahidi ikatoa toleo la pili, lililoitwa Luanda, lenye nafasi ya kuchomeka plagini. Fundi wa inchi yoyote aliweza kuongeza sehemu yake bila kugusa moyo wa programu. Henry Addo wa Ghana alitengeneza SMSsync, iliyogeuza simu ya kawaida ya Android kuwa mlango wa kupokea mesaji na kuzipeleka kwenye ramani. Kwa shirika dogo lisilo na fedha za kukodi namba fupi, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Lakini plagini ni kama chumba kilichoongezwa kwenye nyumba ya mwingine. Mwenye nyumba akibomoa na kujenga upya, chumba chako kinabaki bila ukuta. Ndivyo ilivyotokea: toleo la tatu la Ushahidi liliandikwa upya, na plagini za toleo la pili hazikuweza kuingia humo. Waliotegemea kipande kimoja walilazimika kubaki na programu ya zamani au kuanza tena.

WordPress, programu inayobeba tovuti yetu na nyingine nyingi duniani, ina historia ya namna hiyo. Ilizaliwa mwaka 2003, wakati Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walipochukua programu ya b2, ya Mfaransa Michel Valdrighi, ambayo ilikuwa imeacha kuendelezwa. Iliwezekana kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi kwa wote. Plagini ziliingia katika toleo la 1.2, Mei 2004. Tangu hapo kila mtu anaweza kutengeneza plagini, na kila mtu anaweza kuchoka na kuiacha. Kwa hiyo kabla ya kuweka plagini tunatazama: ilisahihishwa lini mara ya mwisho? Mwenyewe anajibu wanaolalamika? Kama malalamiko ya miezi mingi hayana jibu, tunaiacha.

Mtandao ukizimwa

Hata programu nzuri inaweza kunyamazishwa. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, serikali ya Kongo ilizuia mesaji za simu kwa zaidi ya wiki tatu. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ikakatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, hadi katikati ya Januari 2019 na zaidi. Siku kama hizo ramani ya mesaji ni karatasi tupu.

Watu wa Ushahidi nao walisumbuliwa na umeme na mtandao wa kukatika-katika. Ndipo wakabuni BRCK, kisanduku cha kuunganisha intaneti chenye betri ya saa nane, kilichochangiwa fedha na watu mwaka 2013 na kuanza kuuzwa 2014. Kinasaidia umeme ukikatika. Hakisaidii serikali ikifunga mtandao. Hapo tunarudi kwenye redio, na kwa yule wa baiskeli.

Tuliyobadilisha, na tunayowaomba

Historia hii imetufundisha jambo moja: kosa linaonekana kwanza na yule aliye mwisho wa njia, mwenye simu ndogo na betri inayoisha. Aliyetengeneza haoni. Basi kifaa kinakuwa kizuri pale ambapo malalamiko ya mtu huyo yana mahali pa kufika.

Tumefanya haya. Kwanza, plagini ya kutunza nakala haigusi tena kurasa za usalama wa barabara. Heri zifunguke polepole kuliko kudanganya. Pili, kila habari ya njia inaanza na tarehe na saa, ndani ya maandishi yenyewe, ili isipotee hata mpangilio ukiharibika. Tatu, tunaandika wazi: imethibitishwa, au bado. Nne, habari ya zamani haifutwi kimya. Juu yake tunaandika kwamba imebadilika. Tano, kila badiliko tunalijaribu kwa simu ya bei ndogo kabla ya kulitangaza. Sita, masahihisho ya barabara yanasomwa redioni mara tatu, asubuhi, mchana na jioni.

Nanyi tunawaomba. Ukiona ukurasa mweupe, tarehe ya ajabu, au habari isiyolingana na uliyosikia redioni, usinyamaze ukidhani simu yako ndiyo mbovu. Njoo utuambie, au mtume mtoto. Tuambie umeona nini, saa ngapi, na kwa simu ya namna gani; hayo matatu yanatosha kutuanzisha. Na usifunge mizigo kwa kusoma mara moja tu. Uliza redioni, uliza aliyetoka huko.

Yule baba bado yuko Kamina. Mbegu zake alizipanda kwenye kipande cha shamba alichoazimwa na mwenyeji wake, na kila wiki anapita kutuuliza habari ya njia. Tunamjibu tunachokijua, na siku ilipojulikana. Mara nyingi kijana wake anafungua ukurasa palepale, mbele yetu, kuona kama unasema hivyohivyo.