Madini ya chuma: Kwa nini mlo wenye maharage na mchicha hautoshi kuongeza damu

MADINI ya chuma ni miongoni mwa virutubishi ambavyo mwili huvihitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini upungufu wake huleta madhara makubwa. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini hayo.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hali hiyo ina vyanzo vingi, vikiwamo malaria, minyoo ya safura na ugonjwa wa selimundu. Hata hivyo, ukosefu wa chuma katika lishe ni chanzo kimojawapo kikubwa.

Swali linaloulizwa na wengi ni hili: inakuwaje damu ipungue katika familia ambayo maharage na mboga za majani havikosekani mezani? Jibu ni kwamba kinachoujenga mwili si chakula kinachoingia mdomoni, bali ni kile kinachofyonzwa na kuingia katika damu.

Kazi yake mwilini

Takriban theluthi mbili ya chuma chote mwilini imo ndani ya chembechembe nyekundu za damu, katika protini iitwayo himoglobini. Protini hiyo ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka katika viungo vyote. Chuma kinapopungua, himoglobini nayo hupungua, na mtu huanza kuchoka upesi, kupata kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja kupauka.

Chembe nyekundu huishi kwa muda wa siku 120 hivi. Zinapokufa, bandama na ini huchukua chuma chake na kukirudisha kwenye uboho wa mifupa ili kutengeneza chembe mpya. Kwa sababu ya utaratibu huo, mwili wa mwanamume mwenye afya hupoteza miligramu 1 tu kwa siku. Mwanamke hupoteza zaidi kutokana na hedhi, na mjamzito huhitaji zaidi kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma na ongezeko la damu yake mwenyewe.

Aina mbili za chuma

Chuma cha kwanza hutoka katika nyama, maini, kuku, samaki na dagaa. Sehemu ya chuma hicho imefungamana na himoglobini na mayoglobini ya mnyama, na mwili hufyonza asilimia 15 hadi 35 ya sehemu hiyo. Cha pili hutoka katika mimea kama maharage, kunde, choroko, mchicha, matembele na nafaka. Hiki hufyonzwa kwa shida, mara nyingi chini ya asilimia 10.

Ufyonzaji hufanyika katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo vyakula husaidiana au huzuiana. Vitamini C hukiweka chuma cha mimea katika hali inayofyonzeka. Chungwa, pera, papai, embe au kachumbari yenye limau ikiliwa pamoja na ugali na maharage huongeza faida ya mlo huo. Kipande kidogo cha nyama au samaki nacho husaidia chuma cha mboga kufyonzwa.

Chai ya rangi na kahawa hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai kikinywewa pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Si lazima kuiacha chai. Inatosha kuisogeza mbele kwa saa moja au zaidi baada ya kula. Kuloweka maharage na kumwaga maji yake, au kuchachusha unga wa uji, nako hupunguza viambata vinavyokamata chuma.

Rangi nyekundu si chuma

Imezoeleka mijini kwamba kinywaji chenye rangi nyekundu huongeza damu. Dhana hiyo haina msingi. Soda nyekundu haina chuma cha maana, na kiazi sukari chekundu kinacho kidogo tu. Mboga nyingi za kijani na dagaa wa bei nafuu hukizidi kwa mbali.

Kula udongo, tabia inayoonekana kwa baadhi ya wajawazito, nako si tiba. Udongo huweza kuzuia chuma kisifyonzwe, na huweza kuwa na mayai ya minyoo.

Wajawazito na watoto

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Kinyesi kuwa cheusi kutokana na vidonge hivyo si hatari, na si sababu ya kuviacha.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na akiba ya chuma inayomtosha kwa takriban miezi 6. Baada ya hapo, maziwa ya mama pekee hayatoshi, na uji mtupu hauwezi kuziba pengo hilo. Ni vyema chakula chake kiongezwe dagaa waliosagwa, maini, nyama au kunde zilizopondwa. Upungufu wa chuma katika umri huo huathiri ukuaji wa ubongo, na madhara yake huweza kubaki hata baada ya damu kurejea.

Tahadhari

Chuma kikizidi ni sumu. Vidonge viwekwe mbali na watoto, kwani vichache tu vyaweza kumdhuru mtoto mdogo. Mgonjwa wa selimundu asivitumie bila ushauri wa daktari, hasa akiwa ameongezewa damu mara kwa mara.

Anayehisi dalili zilizotajwa apimwe kwanza wingi wa damu. Kwa kawaida, mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume ikiwa chini ya gramu 13. Kipimo hicho huonyesha kuwa damu imepungua. Chanzo chake hutafutwa na mganga, kwani anayeugua minyoo au malaria hatapona kwa kubadili mlo peke yake.