Fahamu Namna Halmashauri Zinavyosimamia Ruzuku na Ajira za Muda kwa Kaya Maskini

Na Mwandishi Wetu

Katika vijiji, mitaa na shehia nyingi nchini, swali linaloulizwa mara kwa mara kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ni moja: kwa nini jirani yangu yumo na mimi simo? Swali hilo ni la haki, na kila mwananchi anastahili kupewa jibu lake. Makala haya yanaeleza nani huamua, kwa utaratibu upi, na mwananchi asiyeridhika aanzie wapi.

Chimbuko la Mpango

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianzishwa mwaka 2000. Awamu zake mbili za kwanza zilijikita zaidi katika miradi iliyoibuliwa na jamii, kama vile madarasa, zahanati na visima. Awamu ya Tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilileta mwelekeo mpya wa kuilenga kaya yenyewe. Kipindi cha pili cha awamu hiyo kilizinduliwa Februari 2020, kikalenga kuzifikia kaya zaidi ya milioni 1.4 katika halmashauri zote 184 za Tanzania Bara pamoja na Unguja na Pemba. Maelezo yanayofuata yanahusu utaratibu wa Awamu hiyo ya Tatu.

TASAF iko chini ya Ofisi ya Rais na ndiyo inayotafuta fedha na kutoa miongozo. Utekelezaji uko mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye mwenye dhamana katika eneo lake, akisaidiwa na mratibu, mhasibu na wataalamu wa sekta za afya, elimu, maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, kilimo na ujenzi.

Kaya hupatikanaje?

Utambuzi wa kaya huanza katika mkutano wa hadhara wa kijiji, mtaa au shehia. Wawezeshaji kutoka halmashauri hueleza lengo la Mpango, kisha wananchi wenyewe hukubaliana vigezo vya umaskini katika mazingira yao: nani hukosa milo, nani hana makazi ya kueleweka, nani ana watoto wasiohudhuria shule kwa kukosa mahitaji. Baada ya hapo majina ya kaya hupendekezwa.

Hatua ya pili ni dodoso. Kila kaya iliyopendekezwa hutembelewa na kuulizwa kuhusu idadi ya wanakaya, aina ya nyumba, mali na vyanzo vya kipato. Majibu hayo hupimwa kwa mfumo wa kompyuta ili kubaini kama kaya imo chini ya kiwango kilichowekwa.

Hatua ya tatu ni kurejesha orodha kwenye mkutano wa jamii, isomwe na kuthibitishwa. Hapa ndipo wananchi hupaswa kusema ukweli bila kuoneana haya. Katika miaka ya mwanzo ya Mpango, uhakiki ulibaini makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, zikiwemo kaya zisizo maskini na wanufaika waliokwisha fariki au kuhama, na kaya hizo ziliondolewa. Nafasi inayochukuliwa na asiyestahili ni nafasi iliyokosekana kwa mzee asiye na mtu wa kumtunza.

Jamii pia huchagua Kamati ya Usimamizi ya Jamii, ambayo huwa kiungo kati ya walengwa na halmashauri katika malipo, mikutano na ufuatiliaji.

Ruzuku na masharti yake

Ruzuku hutolewa katika mafungu mawili makuu. La kwanza ni ruzuku ya msingi, ambayo hupewa kaya kwa sababu ya hali yake. La pili ni ruzuku yenye masharti, inayotegemea wajibu wa kaya: watoto wadogo wapelekwe kliniki, na wanafunzi wahudhurie shule kwa angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Walimu na watumishi wa afya hujaza fomu za mahudhurio, na kaya isiyotimiza sharti hukatwa sehemu ya ruzuku yake.

Malipo hufanyika kwa mizunguko ya miezi miwili miwili. Awali fedha zote zilitolewa taslimu. Baadaye ulianzishwa utaratibu wa kulipa kwa njia ya benki na simu za mkononi ili kupunguza upotevu na usumbufu wa safari.

Ajira za muda

Kaya yenye mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi hupewa fursa ya ajira ya muda kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, hususan katika miezi ambayo chakula huadimika na kazi za shamba ni chache. Jamii huibua mradi, kama vile lambo, barabara ya kijiji, kitalu cha miche au makinga maji ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu wa halmashauri huandaa michoro na makadirio, na ujira hulipwa kulingana na siku ambazo mlengwa amehudhuria.

Ni muhimu ieleweke kwamba kaya ambayo wanakaya wake ni wazee, wagonjwa au watu wenye ulemavu wasioweza kazi hailazimishwi kufanya kazi hizo, wala haipotezi ruzuku yake ya msingi kwa kutoshiriki.

Kutoka ruzuku hadi kujitegemea

Ruzuku haikukusudiwa kuwa ya kudumu. Walengwa huhamasishwa kuunda vikundi vya kuweka akiba, hupewa mafunzo ya ujasiriamali, na baadhi yao hupata ruzuku ya uzalishaji ya kuanzisha mradi mdogo. Kaya hutathminiwa upya, na iliyoimarika huhitimu.

Hatua inayoweza kufuata ni mikopo ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 kufuatia kasoro za usimamizi na urejeshaji, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa. Kikundi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mwananchi asiyeridhika afanye nini?

Mwananchi anayeamini kaya yake imeachwa kimakosa, au mlengwa aliyepunjwa malipo, aanze kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii au Mtendaji wa kijiji, mtaa au shehia yake. Asiporidhika, alifikishe lalamiko kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri, na hatimaye kwa Mkurugenzi. Inashauriwa lalamiko liwe la maandishi, likitaja mzunguko wa malipo unaohusika, na mlalamikaji abaki na nakala.

Zaidi ya yote, wananchi wanahimizwa kuhudhuria mikutano ya vijiji na mitaa yao. Orodha inayothibitishwa na watu wachache hubeba makosa ya wachache hao, na anayeumia ni yule ambaye hakuwepo mtu wa kumsemea.