Edgefield: Kaunti Iliyoandika Vifo Vyake

Katika Edgefield, magharibi mwa jimbo la South Carolina huko Marekani, mtu akikutwa amekufa ghafla hakuzikwa kwanza. Iwe ameopolewa kisimani, ameokotwa kwenye mifereji ya pamba au ameanguka nje ya duka la pombe, habari ilipelekwa kwa mchunguzi wa vifo. Naye alikusanya wanaume kumi na wawili au zaidi kutoka mashamba ya jirani, akawaapisha, akawapeleka mpaka alipolala marehemu. Sheria ilidai wamwone kwa macho yao, maana bila maiti mbele yao uchunguzi haukuwa halali. Daktari alipima jeraha, urefu wake na kina chake. Mashahidi walisema, karani akaandika. Mwishoni wanajopo walitia sahihi mmoja baada ya mwingine, na asiyejua kuandika alichora alama ya msalaba. Kisha karatasi ilikunjwa, ikaandikwa jina la marehemu kwa nje, ikahifadhiwa mahakamani.

Nyingi za karatasi hizo bado zipo. Wanahistoria wakiongozwa na Stephen Berry wa Chuo Kikuu cha Georgia wamekusanya zaidi ya 1,500 kutoka Edgefield na kaunti nyingine tano za South Carolina, zote za kati ya 1800 na 1900. Ukitaka kuijua Edgefield ilikuwa mahali pa namna gani, anza na karatasi hizi kabla ya kutazama sanamu za wakubwa wake.

Na wakubwa iliwatoa wengi. Magavana kumi wa South Carolina wanahesabiwa kuwa watu wa Edgefield. Lakini majirani waliiita Edgefield ya Damu. Mapema kabisa, mwandishi Mason Weems, yuleyule aliyeandika wasifu maarufu wa George Washington, alitunga kijitabu kuhusu mwanamke wa huko aitwaye Becky Cotton, aliyeshtakiwa kwa kumuua mumewe kwa shoka. Mwaka 1856, mbunge wa Edgefield Preston Brooks aliingia katika ukumbi wa Seneti mjini Washington, akampiga kwa fimbo Seneta Charles Sumner, mpinzani wa utumwa, mpaka akazimia sakafuni penye damu. Mahakama ilimtoza faini ya dola 300. Brooks alijiuzulu, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni. Walimtumia na fimbo mpya kama zawadi.

Watu waliomshangilia waliishi katikati ya ukatili walioujua vizuri kila siku. Mwaka 1860 Edgefield ilikuwa na karibu watu 40,000, na takriban 24,000 kati yao walikuwa watumwa. Pamba ililimwa kwa viboko. Bwana alifundishwa tangu utoto kwamba heshima yake ilisimama juu ya uwezo wa kupiga bila kuulizwa, na mazoea hayo hayakubaki shambani. Yaliingia sokoni, kwenye baraza la mahakama na kwenye meza ya chakula. Mwanamume aliyetukanwa asipojibu kwa bastola alihesabiwa si kitu.

Hapo ndipo karatasi za uchunguzi zinapomshtua msomaji wa leo, kwa sababu vifo vya watumwa navyo vilichunguzwa. Daktari yuleyule aliinama juu ya mgongo wa mtumwa, akahesabu alama za mjeledi. Ofisi ya mchunguzi wa vifo ilianzia Uingereza mwaka 1194, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kulinda mapato ya mfalme yaliyotokana na vifo. Edgefield nayo ilikuwa na fedha ndani ya maiti, kwa kuwa mtumwa alikuwa mali ya mtu. Ndiyo maana kwa kawaida karatasi ya mtumwa humtaja kwa jina moja tu, huku jina la mwenye kumiliki likiandikwa kamili.

Sheria ya jimbo ilisema nini juu ya muuaji wa mtumwa? Kwa sheria ya 1740, kuua mtumwa kwa kusudi kuliadhibiwa kwa faini ya pauni 700, na kumuua kwa hasira ya ghafla au kwa kumwadhibu kupita kiasi, pauni 350. Mwaka 1821 sheria ilibadilika na kuua kwa kusudi kukawa na adhabu ya kifo. Ukisoma hapo utadhani haki imekuja. Lakini mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mweupe. Tena, kama hakukuwa na mweupe aliyeshuhudia, bwana aliweza kujisafisha kwa kiapo chake mwenyewe. Waliouona mjeledi ukishuka walikuwa watumwa wenzake marehemu, na midomo yao ilifungwa na sheria ileile iliyodai kumlinda.

Kwa hiyo jopo lilijua, na aghalabu lilitafuta maneno ya kutokea. Yaliyotumika sana yalikuwa haya: marehemu amekufa kwa kudra ya Mungu. Sisi nasi tunaijua kauli hiyo msibani, ambapo humfariji mfiwa. Kwenye karatasi ya mahakama ina kazi nyingine, maana ikishaandikwa kwamba Mungu ndiye aliyechukua, hakuna tena wa kuulizwa. Na pale ambapo mauaji hayakuweza kukanwa, maneno ya kisheria yaliyorithiwa kutoka Uingereza yalieleza kuwa muuaji alichochewa na shetani. Mungu alitajwa, na shetani akatajwa. Aliyekwepwa ni binadamu mwenye shamba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, lilitokea jambo ambalo wanajopo wa zamani wasingeliwaza. Mtu mweusi alikaa kwenye kiti cha uchunguzi.

Jina lake Prince Rivers. Alizaliwa mtumwa upande wa Beaufort, akawa mwendesha gari la farasi la bwana wake. Mwaka 1862 alitoroka akajiunga na jeshi la Kaskazini, akapanda hadi sajini katika kikosi cha kwanza cha wanajeshi weusi wa South Carolina. Tarehe 1 Januari 1863, siku tangazo la kuwapa watumwa uhuru lilipoanza kutumika, alikuwa mmoja wa waliokabidhiwa bendera ya kikosi. Baada ya vita alichaguliwa katika bunge la jimbo, akashiriki kuundwa kwa Kaunti ya Aiken mwaka 1871, iliyokatwa kwa sehemu kutoka Edgefield. Akawa hakimu wa mji mdogo wa Hamburg, kando ya Mto Savannah, mji ambao kwa wakati huo uliendeshwa na watu weusi wenyewe.

Tarehe 4 Julai 1876, Marekani ikisherehekea miaka mia moja, wanamgambo weusi wa Hamburg walikuwa wakifanya gwaride barabarani. Wazungu wawili waliokuwa kwenye gari la farasi wakadai wapishwe. Ugomvi huo ulifikishwa kwa Rivers. Siku ya kesi, tarehe 8, wazungu wenye bunduki walifurika mjini, wengi kutoka Edgefield, na wakili wao, Jenerali wa zamani Matthew Butler, akawataka wanamgambo wasalimishe silaha. Walikataa, wakajifungia kwenye ghala lao la silaha. Mzinga ukaletwa kutoka Augusta, ng'ambo ya mto. Kijana mmoja mzungu aliuawa katika mapambano. James Cook, mkuu wa polisi wa mji, alipigwa risasi akikimbia. Usiku mateka waliwekwa chini kwa duara, na baadhi yao wakaitwa mmoja mmoja kwa majina, wakauawa. Weusi waliokufa walikuwa angalau sita.

Rivers alifanya lile ambalo sheria ilimwagiza. Aliita jopo, akawaapisha mashahidi, na safari hii mtu mweusi aliruhusiwa kusema alichokiona. Waliwataja wauaji kwa majina. Hati za kuwakamata zilitolewa kwa watu zaidi ya 80, na Butler akiwa mmoja wao. Ukilinganisha na miongo mingi ya karatasi za kudra ya Mungu, hii ndiyo iliyosema ukweli waziwazi kuliko zote.

Hakuna aliyehukumiwa. Uchaguzi wa mwaka huo uliporwa kwa vitisho, na Edgefield ilihesabu kura zilizozidi wapiga kura wake kwa zaidi ya 2,000. Serikali ilibadilika na kesi ikafa. Butler akawa seneta mwaka 1877. Benjamin Tillman, mkulima wa Edgefield aliyekuwepo Hamburg usiku ule, akawa gavana na kisha seneta mpaka alipokufa mwaka 1918, na mwaka 1909 alisimama jukwaani akajivunia aliyoyafanya. Prince Rivers alipoteza kazi, akarudi kuendesha gari la farasi kama enzi za utumwa, akafa mwaka 1887. Mwaka 1916 ulijengwa mnara kumkumbuka kijana mzungu peke yake. Weusi waliouawa walisubiri hadi 2016, karne nzima baadaye, kuwekewa alama yenye majina yao wote.

Edgefield basi haikukosa uchunguzi wa vifo. Ilikuwa na sheria, ilikuwa na madaktari na makarani waliofanya kazi kwa makini. Ilichokosa ni watu wa kuitoa karatasi kabatini na kuipeleka mbele ya hakimu aliye tayari kuifuata. Mizizi ya uchunguzi ule wa Kiingereza ilifika na kwetu pia. Tanzania ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980, na Kenya ilitunga sheria yake ya huduma ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017. Kwa hiyo ndugu msomaji, siku utakaposikia kwamba kifo chenye utata kinachunguzwa, usitosheke na neno hilo. Uliza karatasi ilisema nini, na uliza nani aliitwa mahakamani baada yake.