Sinema Nyumbani: Kauli za Watazamaji wa Jinja na Mbale

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ninayetaka kumzungumzia katika kurasa hizi ni sinema, na wenyeji ni watu wa kawaida wa miji miwili ya mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, waliomkaribisha mgeni huyo ndani ya nyumba zao. Juu ya sinema yenyewe mengi yameandikwa: nani aliitengeneza, nani aliigiza, ilipata tuzo gani. Lakini maneno ya mama aliyekuwa akichambua mchele mbele ya televisheni, au ya mzee aliyeketi karibu na mlango, ni machache mno yaliyohifadhiwa. Nia yangu ni kuonyesha kwamba maneno hayo nayo ni historia, na kwamba sisi walimu wa lugha tunapaswa kuyaokota kabla hayajapotea.

Tangu mwanzo, sinema ililetwa Afrika ya Mashariki na watu waliodhani kuwa wanamjua mtazamaji kuliko anavyojijua mwenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika jaribio la filamu za mafunzo ambalo makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu hizo, zilizohusu afya, kilimo na uwekaji wa akiba, zilizungushwa kwa lori katika nchi hizi, Uganda ikiwamo, zikiambatana na maelezo katika Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake, na kazi yake ya kwanza ikawa kueneza habari za vita. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyeizoea sinema hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo picha ziende polepole na hadithi iwe nyepesi. Gari la sinema lilipowasili, mkalimani alishika kipaza sauti akawaeleza watu wanachokiona. Watu walielezwa, ni mara chache walipoulizwa.

Mijini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga majumba ya sinema, na filamu za Bombay na za Marekani zikapata wapenzi wa kila kabila. Televisheni ya Uganda ilianza mwaka 1963, lakini kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa cha wenye uwezo. Kisha, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza mbele ya askari huko Tororo, mwendo mfupi kutoka Mbale, kwamba Waasia waondoke nchini. Muda waliopewa ulikuwa siku 90. Wapatao 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengine wakatawanyika Kanada, Bara Hindi na kwingineko. Maduka, viwanda, nyumba na majumba ya sinema vikabaki bila wenyewe. Mji wa Jinja, ambao hata leo majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi husomeka juu ya baraza za maduka yake, uliguswa na jambo hilo kuliko miji mingi.

Mimi nilizaliwa baada ya hayo, nikakulia ndani ya matokeo yake. Wazazi wangu walipanga chumba kimoja na nusu katika nyumba ya Mhindi aliyeondoka, katikati ya mji wa Jinja. Familia tano ziliishi humo: Wasoga, Wagisu, Wateso, Wajapadhola, na fundi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Kwa kuwa hapakuwa na lugha ya mama iliyotutosha wote, uani tulisema Kiswahili. Hicho ndicho Kiswahili changu cha kwanza, kilichojaa makosa ambayo baadaye niliyajua katika chuo cha ualimu, lakini chenye uwezo wa kuomba chumvi, kutoa pole na kusuluhisha ugomvi wa zamu ya bomba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fundi yule alinunua televisheni ndogo na mashine ya video. Siku ya Jumamosi alikodi kanda, naye akaviweka vyombo vyake katika ukumbi wa nyumba, ambao zamani ulikuwa sebule ya mwenye nyumba. Kila familia ilikuja na viti vyake. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa mlangoni petu, lakini mara nyingi umeme ulikatika hadithi ikiwa imefika patamu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Katika giza, tukingoja, watu walibishana juu ya waliyoyaona, wakakisia mwisho, wakasimulia yaliyowapata wao wenyewe. Sijapata kuhudhuria darasa la fasihi lililo bora kuliko lile.

Filamu moja iliyozungushwa sana kwa kanda ilikuwa ile ya mwaka 1981 juu ya kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa Kenya. Amin aliigizwa na Mkenya, Joseph Olita. Sisi watoto tulicheka, maana filamu ile ina mambo mengi ya kutisha kupita kiasi hata yakawa kama kichekesho. Wazee hawakucheka. Mzee mmoja jirani yetu, tuliyemwita Babu, ambaye kabla ya 1972 alikuwa mpishi katika nyumba za Wahindi, alisema neno ambalo sikulielewa wakati ule: "Wajukuu, huyu anatisha kwa kupiga kelele. Yule wa kweli alitisha zaidi alipokuwa akicheka."

Baadaye ikaja Mississippi Masala, filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991. Ndani yake mwanasheria Mhindi aitwaye Jay, mzaliwa wa Uganda, anafukuzwa Kampala mwaka 1972 pamoja na mkewe na binti yao, na hatimaye wanatua katika jimbo la Mississippi, Marekani. Binti anapendana na kijana Mwafrika Mmarekani, aliyeigizwa na Denzel Washington. Watu wa mbali wameisifu filamu hiyo hasa kwa mapenzi ya vijana hao wawili. Katika ukumbi wetu mapenzi hayo yaliwapendeza vijana tu. Watu wazima walikuwa wakiitazama nyumba.

Olita alipotokea tena katika umbo la Amin, ukumbi mzima ulipiga kelele: "Amerudi!" Lakini Jay alipoondoka bila kumuaga Okelo, rafiki yake Mwafrika tangu utotoni, kimya kiliingia. Babu alisimama, akatoka nje, akarudi. Akatueleza kwamba mwajiri wake wa mwisho alimwachia funguo za nyumba na mbwa mmoja, akamwambia atarudi baada ya miezi sita. Askari walipokuja, Babu aliwapa funguo. Mbwa alikaa naye hadi alipokufa. "Huyu Okelo hakuagwa," alisema, "mimi niliagwa, nikashindwa kuitunza amana. Sijui lililo bora." Hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Mwishoni mwa filamu Jay anarudi Kampala kuidai nyumba yake. Anaambiwa kwamba Okelo aliuawa zamani. Anaiona nyumba iliyochakaa, na moyo wake unaiachilia. Wengi katika ukumbi walipiga makofi. Mama yangu hakupiga. Alikuwa amemshika mdogo wangu mapajani, akauliza kwa sauti ya chini: "Huyu wa kwenye picha amesamehe. Na wa kwetu je?"

Swali hilo lilikuwa na sababu. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imefungua njia ya kurudishiwa mali wale waliofukuzwa, na katika miaka ya 1990 utekelezaji wake ulishika kasi. Kila wiki tulisikia nyumba fulani imepata mwenyewe. Zamu yetu nayo ilifika. Mwenye nyumba alikuja na mwanawe, mzee mwembamba aliyesema Kiswahili safi kuliko chetu. Alitusalimu wote, akamwita mama yangu "mama", akapita chumba baada ya chumba bila kusema lolote. Alipofika ukumbini alisimama pale pale ilipokaa televisheni, akaugusa ukuta. Tulipewa miezi kadhaa ya kujitayarisha, kisha tukahamia Walukuba, mtaa uliojengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Sikuwahi kumchukia mzee yule. Lakini pia sikuwahi kuamini kwamba mama yangu, aliyelipa kodi ya chumba kile mwaka baada ya mwaka, alikuwa mwizi. Filamu ilikuwa imetuonyesha machozi ya upande mmoja, nayo yalikuwa machozi ya kweli. Machozi ya upande wa pili yalimwagika mbele yake, katika giza la ukumbi, wala hayakuingia katika kanda.

Nilipomaliza stashahada ya ualimu nilipangiwa kazi Mbale, mji ulio chini ya milima ya Wanale, kwao mama yangu. Huko ndiko nilikoiona The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Uganda kwenyewe, na Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kumwigiza Amin, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Siku hizo kanda zilikuwa zimekwisha kuwapisha santuri za DVD. Niliwaalika majirani, miongoni mwao mama mmoja wa makamo tuliyemwita Shangazi, ambaye mumewe alichukuliwa na watu wenye gari mwaka 1977 na hakuonekana tena.

Alimsifu Whitaker. Kiswahili kilipomtoka mwigizaji, Shangazi alijikunyata, kisha akajicheka kwa kuogopa sauti ya mtu aliye ndani ya kioo. Lakini hadithi yenyewe ilimchosha. Shujaa wake ni daktari kijana wa Kiskoti, mtu wa kubuniwa, anayejitia katika mapenzi na Kay, mke wa Amin. Kay alikuwapo kweli na alikufa kifo kibaya mwaka 1974. Mapenzi yake na daktari huyo ni ya kutungwa. Mwishoni daktari Mwafrika anayatoa maisha yake ili Mskoti atoroke kwa ndege kutoka Entebbe akausimulie ulimwengu, kwa kuwa Mzungu ataaminika. Shangazi alinigeukia akasema: "Mwalimu, aliyekufa ni wetu, aliyepona ni wao, na hadithi amepewa aliyepona. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii, nani amekuja kuniuliza?"

Niliposikia kauli hiyo nilikumbuka lori la Vugiri na kipaza sauti cha mkalimani. Muda wa miaka 70 ulikuwa umepita, na swali lilikuwa lile lile: mtazamaji anaelezwa, je, anaulizwa?

Hapana budi nikiri kwamba watu wetu hawakukaa kimya wakingoja kuulizwa. Katika vibanda vya video vilivyoenea nchini, na baadaye majumbani, waliinuka wafasiri wanaosema juu ya sauti ya filamu yenyewe. VJ Jingo na wenzake hufanya hivyo kwa Kiganda, na Dar es Salaam marehemu Lufufu alijulikana kwa kazi hiyo katika Kiswahili. Wafasiri hao huongeza utani, methali na majina ya mitaa ya kwetu, hata shujaa wa Marekani akaonekana kama mtu aliyepotea njia sokoni. Wapo walimu wanaowalaumu kwa kuharibu kazi ya watu. Mimi nawaona kuwa wameurudisha mjadala wa ukumbini kwetu. Hata hivyo mfasiri hulipwa ili achekeshe, na yako maneno, kama ya Babu na ya Shangazi, yasiyochekesha.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Kiswahili nchini Uganda kina historia nzito. Watu wengi walikisikia kwanza katika vizuizi vya askari, na amri ya Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukiongezea wapenzi. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maazimio ni mema, lakini mtoto hapendi lugha kwa sababu ya azimio. Atakipenda Kiswahili akisikia kwamba ndicho kilichotumika katika nyumba kama yetu, na familia tano, kujadili jambo lililowauma wote.

Basi nawaomba walimu wenzangu wa Jinja, Mbale na kwingineko wajaribu zoezi hili dogo. Mwambie mwanafunzi atazame filamu yoyote inayohusu nchi yetu pamoja na mzee wa nyumbani, kisha aandike kwa Kiswahili si hadithi ya filamu, bali aliyoyasema mzee: wapi alicheka, wapi alinyamaza, wapi alitoka nje. Asisahihishe maoni ya mzee; asahihishe tahajia yake mwenyewe. Babu alikwisha kufariki, wala sikuandika jina la mwajiri wake alipolitaja, nami sasa silikumbuki. Shangazi angali hai. Wiki iliyopita nilimwendea na daftari.