Somo la Historia: Ngome ya Simbamwene

Leo tutajifunza habari za ngome ya zamani iliyokuwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Jina lake ni Simbamwene.

Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilienea, na watu hawakulala kwa amani. Kisabengo, Mzigua kwa asili, aliwakusanya watumwa waliotoroka akawapa makao. Lakini yeye naye aliteka watu wa vijiji vingine. Basi ngome iliyokuwa salama kwa hawa ilikuwa hatari kwa wale.

Kwa nini alipachagua pale? Sababu ni mbili. Kwanza, mito mingi hushuka kutoka Uluguru. Pili, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapo. Mwenye kushika njia alitoza hongo, yaani ushuru wa kupita.

Mwaka 1871 alipita msafiri Henry Stanley. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na binti yake ndiye aliyetawala. Stanley aliona ukuta wa mawe wenye matundu ya kupigia bunduki, minara minne pembeni, na milango minne ya mbao zilizochongwa kama milango ya pwani. Alikisia kuwa ndani mna nyumba 1,000 na watu 5,000.

Mwaka 1872 mvua kubwa ilinyesha, na mto Ngerengere ukafurika. Stanley aliporudi alikuta ukuta wa mbele umebomoka. Ukuta ule uliweza kuzuia adui, lakini maji haukuyaweza.

Hata hivyo watu hawakupahama mahali pale. Mwaka 1882 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Morogoro. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji kutoka kwa Wajerumani. Watawala walibadilika, lakini wote waliufuata mji kwa ajili ya njia na maji, kama Kisabengo.

Ndugu zangu, tushike funzo hili. Msitu wa Uluguru hupunguza nguvu ya maji ya mvua, yakashuka polepole. Anayeukata ovyo anabomoa ukuta wa mji wake mwenyewe.

Maswali:
1. Kisabengo aliwakusanya watu gani?
2. Hongo ni nini?
3. Ni kitu gani kilichobomoa ukuta wa Simbamwene?
4. Zungumzeni darasani: kijijini kwenu nani analinda chanzo cha maji?