Mchana kompyuta zilipogoma kununua

Mchana wa Mei 6, 2010, hisa za kampuni ya Accenture ziliuzwa Marekani kwa senti moja ya dola. Dakika chache kabla zilikuwa takribani dola 40. Kampuni haikufilisika, wala ofisi zake hazikuungua. Kompyuta zilizozoea kununua kila bei iliposhuka ziliacha kununua, nyingi kwa mpigo.

Madeni ya Ugiriki yalikuwa yamelitia soko hofu tangu asubuhi. Saa 8:32 mchana, mfuko mmoja mkubwa wa uwekezaji ukaamua kujikinga kwa kuuza mikataba 75,000 ya E-Mini, ambayo bei yake hufuata hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani. Mzigo huo ulikuwa na thamani ya dola bilioni 4.1. Kazi ikaachiwa programu, na amri yake ilikuwa fupi: uza kiasi cha asilimia 9 ya biashara iliyofanyika dakika iliyopita. Bei haikutajwa. Muda nao haukutajwa.

Walionunua mwanzoni ni madalali wa kasi, ambao kompyuta zao huokota bei ikiteleza kidogo na kuuza upesi kwa faida ndogo mno. Hawa hawapendi kulala na mzigo. Walipotafuta pa kuutua, wakakutana wao kwa wao. Kati ya saa 8:45 na sekunde 13 na saa 8:45 na sekunde 27, waliuziana mikataba zaidi ya 27,000, karibu nusu ya biashara yote ya sekunde hizo, ilhali walichoongeza mkononi ni mikataba 200 hivi. Programu ya mfuko ikaona soko limechangamka, nayo ikazidi kuuza. Siilaumu, ilitii ilichoambiwa.

Sekunde iliyofuata, mtambo wa soko la Chicago ukasimamisha biashara ya E-Mini kwa sekunde tano. Tano tu! Ilipofunguliwa, wanunuzi wakarudi na bei ikaanza kupanda.

Hisa za kampuni moja moja hazikupata pumzi hiyo. Kompyuta nyingi zilipangwa kujizima bei ikiyumba kupita kiasi, hadi binadamu ahakikishe kuwa takwimu ni za kweli, na ndivyo zilivyofanya. Zikabaki bei za kutimiza tu wajibu wa kutangaza bei, senti moja au dola 100,000, ambazo madalali waliziweka bila kutarajia kwamba kuna atakayezigusa. Amri za kuuza kwa bei yoyote zikaangukia humo.

Je, aliyenunua kwa senti moja alitajirika? Wapi! Baadaye masoko yalifuta biashara zaidi ya 20,000, zote zilizokuwa mbali na bei ya saa 8:40 kwa zaidi ya asilimia 60. Aliyepata punguzo la asilimia 55 alibaki na mali yake; aliyethubutu zaidi akanyang'anywa. Na kama alishaziuza hisa hizo bei ilipopanda, mauzo yakabaki halali na ununuzi ukafutwa, basi alijikuta anadaiwa hisa asizokuwa nazo. Mwandishi wa programu mwenye akili ana sababu ya kuiogopa bei ya bure.

Mnamo Juni 2010, wasimamizi walianza kusimamisha kwa dakika tano hisa za kampuni kubwa zikiyumba asilimia 10 ndani ya dakika tano. Zile bei za senti moja zilipigwa marufuku Desemba mwaka huo huo.